KUOMBA TENA RUHUSA YA KUKAA YA MKE AU MUME BAADA YA KUKATALIWA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa matawi ya katikati ya mji, Westlands, Kangemi na Kawangware)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo si la mishahara wala la saa za kazi, lakini linawanyima usingizi wanachama wengi. Nalo ni hili: mfanya kazi ameoa, au dada ameolewa, na mtu wa nchi nyingine. Wameomba Serikali ruhusa ili mwenzi huyo akae Kenya. Jibu limekuja kwamba maombi yamekataliwa. Sasa wafanye nini?

Wengine wakipata jibu hilo huificha barua chini ya godoro wasimwambie mtu. Wengine hutuma maombi yale yale, na karatasi zile zile, wakitumaini kwamba safari hii yatasomwa na afisa mwenye moyo laini. Wengine hukimbilia kwa broka. Njia hizo zote tatu ni mbaya, na leo nataka kuwaonyesha ya nne. Neno langu ni moja, na mkisahau mengine yote mshike hili: maombi ya pili si kuyarudia ya kwanza. Maombi ya pili ni kujibu sababu za kukataliwa, moja moja, kwa karatasi.

JAMBO HILI SI GENI NAIROBI

Vijana wengine hudhani kwamba mambo ya vibali ni ya wageni tu. Sivyo. Katika mji huu huu baba zetu walitembea na kipande shingoni. Na baada ya msako mkubwa wa Nairobi ulioanza tarehe 24 Aprili 1954, uliotwa Anvil, watu wa Kikuyu, Embu na Meru hawakuruhusiwa kukaa mjini bila kitabu cha ruhusa. Wanaume kwa maelfu walipelekwa vizuizini, na wanawake na watoto wakarudishwa rizavu. Mtu aliyezaliwa maili chache kutoka Nairobi alihitaji karatasi ili alale chumba kimoja na mkewe.

Mwaka ule ule wa 1954 kamati ya Serikali juu ya mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bwana Carpenter, ilikiri kwamba mshahara ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mtu asiye na mke, na ikasema yafaa mfanya kazi alipwe fedha za kutosha kukaa na jamaa yake. Shirikisho la vyama vya wafanya kazi, ambalo Tom Mboya alikuwa katibu wake mkuu, halikuacha kudai hivyo. Basi tangu zamani chama cha wafanya kazi kimesema kwamba mtu haji mjini mikono peke yake. Huja na mke, na watoto, na maisha yake yote. Kwa hiyo asiniulize mtu, "Chama chahusika vipi na mke wa mtu?" Chahusika tangu siku ya kwanza.

Tena dada zetu wajue walikotoka. Katika Katiba ya zamani, mwanamke mgeni aliyeolewa na Mkenya aliweza kuomba uraia kwa sababu ya ndoa, lakini mwanamume mgeni aliyemwoa Mkenya hakuwa na haki hiyo. Dada akiolewa na mtu wa Arusha au Kampala, sheria ilimhesabu kama aliyetoka nje. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilifuta ubaguzi huo. Leo mume wa dada na mke wa kaka wako sawa mbele ya sheria. Mtu akikwambia, "Mwanamke hawezi kumdhamini mume," mjibu kwamba amechelewa tangu mwaka 2010.

KARATASI ZENYEWE NI ZIPI?

Watu wengi hukataliwa kwa sababu wameomba karatasi isiyo yao. Basi tuzitenganishe.

Ya kwanza ni pasi ya mtegemezi, ambayo watu wa mjini huiita dipendanti. Hii hupewa mke, mume, mtoto au jamaa mwingine anayemtegemea raia wa Kenya, au anayemtegemea mgeni mwenye kibali halali cha kukaa au cha kazi. Huombwa na yule anayemtunza. Pasi hii ni ya kukaa tu, haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi. Na kama mtunzaji ni mgeni, pasi ya mwenzi wake husimama juu ya kibali chake. Kibali kikianguka, na pasi yaanguka.

Ya pili ni ukaaji wa kudumu. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 yasema mke au mume wa raia wa Kenya aweza kuuomba baada ya ndoa kutimiza miaka 3.

Ya tatu ni uraia wenyewe. Katiba, kifungu cha 15, yasema aliyekuwa katika ndoa na raia kwa miaka 7 au zaidi ana haki ya kuandikishwa kuwa raia akiomba, akitimiza masharti ya sheria. Miongoni mwa masharti hayo, ndoa iwe halali, iwe bado ipo, na wenyewe wawe wanakaa pamoja.

Basi aliyeoa mwaka jana asiombe ukaaji wa kudumu, maana atakataliwa hata akiwa na karatasi zote za dunia. Na mwenye miaka 8 ya ndoa asihangaike na pasi kila mara, wakati mlango mkubwa uko wazi.

Kwa ndugu wa Afrika Mashariki kuna jambo la kuongeza. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, yampa mfanya kazi wa nchi mwanachama haki ya kufuatana na mke au mume na mtoto wake. Raia wa nchi hizo huweza kuingia na kukaa kwa pasi ya mgeni hadi miezi 6. Lakini msichanganye mambo. Kuingia ni jambo moja, kukaa daima ni la pili, na kufanya kazi ni la tatu. Tarehe 28 Novemba 2017, siku ya kuapishwa kwake, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba watu wa Afrika Mashariki watatendewa kama Wakenya katika kazi, biashara, mali, na hata kuoa na kuishi hapa. Wengi walishangilia, na wengine wakaacha kuomba karatasi. Ndugu zangu, hotuba si hati. Afisa akikusimamisha hapo Kangemi stendi, hatauliza Rais alisema nini. Atauliza una karatasi gani.

KWANZA, JUA SABABU

Sasa tuje kwenye kukataliwa. Ukipata jibu, lisome mpaka mwisho. Kama limeandikwa kwa Kiingereza kigumu, usione haya, mpelekee katibu wa tawi alisome. Piga nakala mbili. Andika tarehe uliyolipokea, maana siku huhesabiwa.

Kama jibu halisemi sababu, una haki ya kuiuliza. Katiba, kifungu cha 47, yasema mtu ambaye haki yake imeguswa vibaya na uamuzi wa ofisi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Haki katika Utendaji wa Ofisi za Umma ya mwaka 2015 imeeleza zaidi. Ukiomba sababu kwa maandishi, ofisi yapasa ikujibu ndani ya miezi 3, na isipojibu, mbele ya mahakama yaweza kuhesabiwa kwamba uamuzi ule haukuwa na sababu njema.

Barua ya kuomba sababu ni fupi. Yaweza kuwa hivi:

"Kwa Mkurugenzi Mkuu, Idara ya Uhamiaji, Nyayo House, Nairobi. Bwana au Bibi, maombi yangu ya pasi ya mtegemezi kwa ajili ya mke wangu, namba kadha wa kadha, yalikataliwa tarehe fulani. Barua ya jibu haikutaja sababu. Kwa heshima, na kwa mujibu wa kifungu cha 47 cha Katiba, naomba nipewe sababu kwa maandishi ili niweze kuzijibu. Nimeambatanisha nakala ya jibu hilo."

Basi. Usiweke matusi, wala hadithi ya maisha yako yote, wala maneno ya kubembeleza. Ukiipeleka kwa mkono, nenda na nakala ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa. Najua wazee wengine hawapendi kuingia jengo lile lililoko pembe ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, kwa kukumbuka yaliyotendwa katika vyumba vya chini miaka ya 1980. Hofu yao si ya bure. Lakini leo watu huenda pale kila siku kwa pasipoti na vibali, nawe unakwenda kudai jibu la halali mchana kweupe.

SABABU ZA KAWAIDA NA DAWA YAKE

Sababu za kukataliwa ni nyingi, lakini zinazowakuta wafanya kazi mara kwa mara ni kama hizi.

1. Ndoa haina cheti. Mwanachama ametoa mahari, wazee wamekula na kunywa, watoto wamezaliwa, lakini hakuna karatasi. Nyumbani ndoa hiyo ni kamili, ila afisa haoni mahari, huona cheti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka ndoa zote ziandikishwe, hata za kimila, na kuandikisha ndoa za kimila kulianza tarehe 1 Agosti 2017. Dawa ni kwenda kwa Msajili wa Ndoa, Sheria House, Harambee Avenue, nyinyi wote wawili, na vitambulisho vyenu na barua ya chifu. Ndoa ya Kiislamu nayo yataka cheti chake. Msitume maombi ya pili kabla ya kupata cheti.

2. Kuna ndoa ya zamani ambayo haijavunjwa. Mwenye mke wa kanisani au wa ofisini, hata kama walitengana miaka 10, bado ni mume wa yule mpaka mahakama iseme vingine. Sheria haimruhusu kuoa wa pili juu yake. Dawa ni hukumu ya talaka. Hakuna njia ya mkato.

3. Majina hayalingani. Kitambulisho chasema hivi, pasipoti hivi, cheti cha ndoa hivi vingine. Wewe wajua kwamba ni mtu mmoja. Afisa aona watu watatu. Dawa ni hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, ikieleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, au kusahihisha cheti kilichokosewa. Fanyeni hivyo hata kama ni herufi moja tu.

4. Karatasi ni za lugha ya kigeni. Cheti cha Bukavu au Bujumbura kilichoandikwa kwa Kifaransa hutakiwa kifasiriwe kwa Kiingereza na ubalozi, mthibitishaji wa hati, au mfasiri anayetambuliwa. Tafsiri ya rafiki yako haitoshi.

5. Mwenzi alikuwa amepitisha siku zake, au alionekana akifanya kazi bila kibali. Hili ni zito, nami nitalirudia.

6. Hakuna ushahidi kwamba mtunzaji aweza kumtunza mwenzi wake. Hapa, ndugu zangu, ndipo jambo la Nyayo House linapogeuka kuwa jambo la kazini.

KUKATALIWA KUNAKOANZIA KAZINI

Chukueni mfano wa mfanya kazi wa kiwanda, au mlinzi wa lango huko Lavington, au dada anayepika katika nyumba ya Kileleshwa. Amefanya kazi miaka 4. Hulipwa taslimu mkononi mwisho wa mwezi. Hana barua ya kuajiriwa, hana karatasi ya mshahara. Anaandika katika maombi yake kwamba ana kazi na aweza kumtunza mumewe. Afisa auliza ushahidi uko wapi. Hana. Maombi yanakataliwa, naye arudi nyumbani akidhani ni bahati mbaya.

Si bahati mbaya. Ni tajiri wake hakutimiza sheria. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 9, yataka mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi uandikwe. Kifungu cha 20 chataka mfanya kazi apewe maandishi ya mshahara wake, kiasi gani amelipwa na nini kimekatwa. Na kifungu cha 37 chasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja aweza kuhesabiwa kuwa mfanya kazi wa mwezi, si kibarua tena, hata tajiri amwite kibarua mpaka kiama.

Mnaona basi kwa nini twapigania karatasi ya mshahara? Wengine husema, "Mimi nataka fedha, karatasi ya nini?" Karatasi ile ndiyo inayosema mbele ya ofisi ya Serikali kwamba wewe ni mtu mwenye kazi. Ndiyo benki huisoma, na mahakama huisoma, na afisa wa Uhamiaji huisoma. Tajiri anayekunyima karatasi amekunyima zaidi ya karatasi; aweza kuwa amekunyima kukaa na mke wako.

Kwa hiyo kabla ya maombi ya pili, mwanachama aje kwenye tawi. Katibu ataandika barua kwa tajiri kudai mkataba, karatasi za mshahara za miezi iliyopita, na barua fupi ya kuthibitisha kazi. Mwenye akaunti ya benki atoe taarifa yake. Anayelipwa kwa simu atoe taarifa ya M-Pesa. Mwenye nyumba ya kupanga alete mkataba wa nyumba au risiti za kodi. Vitu hivyo vikikusanywa vinasema jambo moja: huyu ana kazi, ana paa, aweza kumlisha mwenziwe.

WAKATI WA KUNGOJA, MSIHARIBU

Hatari kubwa iko katikati, kati ya kukataliwa na kuomba tena. Watu hufanya makosa mawili.

La kwanza ni kuacha siku zipite. Pasi ya mgeni ina tarehe ya mwisho. Itazameni leo, ikiisha kesho, ombeni kuongezwa muda kabla haijaisha, au mwenzi atoke nchini kwa heshima na kungoja nje. Aliyetoka kwa wakati huweza kurudi na kuomba. Aliyepitisha siku amejiongezea sababu ya kukataliwa.

La pili ni kazi. Mwenzi anaona nyumba yafilisika, anaingia saluni ya Kawangware au anachukua kibarua cha mjengo. Namwelewa, lakini sheria ya mwaka 2011 haimwelewi: kufanya kazi bila kibali ni kosa ambalo faini yake yaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Na tajiri aliyemwajiri naye avunja sheria.

Hapa niseme na wale wanaonung'unika kwamba wageni wanakula kazi zetu. Mtu asiye na karatasi ndiye tajiri mbaya anayempenda. Hamlipi kiwango, hampi likizo, na akilalamika humtisha kwa polisi. Kisha humtumia kukushushia wewe mshahara. Akipata karatasi zake, hutishika tena, na huweza kuingia chamani akasimama nasi. Tena tukumbuke kwamba mwaka 1970 wafanya kazi Wakenya kwa maelfu walifukuzwa Uganda, na kwamba mpaka wa Tanzania ulifungwa mwaka 1977 usifunguliwe mpaka mwaka 1983, jamaa wakitenganishwa huku na huku. Tumekwisha kuwa wageni sisi wenyewe.

MAOMBI YA PILI YAANDIKWE HIVI

Siku hizi maombi hutumwa kwa mtandao, katika eCitizen, sehemu ya huduma za wageni. Kama huna simu nzuri, nenda saiba, lakini akaunti iwe yako, kwa jina lako na namba yako ya simu. Usimwache kijana wa saiba afungue kwa namba yake, maana jibu litamfikia yeye. Ada hubadilika, isome siku ile unayotuma, na ulipe kwa njia ya Serikali iliyoonyeshwa pale pale, utunze risiti. Fedha uliyotoa kwa maombi ya kwanza usitegemee kurudishiwa.

Barua ya maombi iwe na sehemu tatu. Kwanza taja maombi ya zamani na namba yake. Usifiche kwamba ulikataliwa. Ofisi inajua, na kuficha ni uongo. Pili, taja kila sababu waliyotoa, na chini yake andika jibu lake na karatasi inayolithibitisha. Kwa mfano: "Ilisemwa hakuna cheti cha ndoa. Ndoa yetu imeandikishwa, na cheti ni karatasi ya 1. Ilisemwa majina hayalingani. Hati ya kiapo ni karatasi ya 2. Ilisemwa hakuna ushahidi wa kipato. Mkataba wa kazi na karatasi za mshahara ni karatasi ya 3 na ya 4." Tatu, omba unachoomba kwa neno moja lililo wazi.

Zipange karatasi kwa namba hizo hizo. Afisa mwenye mafaili mengi mbele yake akiona jibu limekaa mahali pake, kazi yake imekuwa nyepesi na yako pia. Mkiitwa kuhojiwa, nendeni wote wawili, kwa wakati, na mseme kweli. Ndoa ya kweli haina haja ya kukariri.

Na broka? Broka atakwambia anamjua mkubwa fulani. Atachukua fedha zako, na pengine atatia karatasi ya uongo katika faili lako. Siku karatasi hiyo ikijulikana, hataitwa yeye; utaitwa wewe, kwa sababu jina ni lako. Ukataliwapo kwa kukosa karatasi, waweza kuileta. Ukataliwapo kwa uongo, faili lako limeingia doa lisilotoka kwa sabuni.

WAKIKATAA TENA

Kama mmejibu kila sababu na bado wamekataa, kuna milango mingine. Andikeni kuomba uamuzi uangaliwe upya, mkieleza nini hakikutazamwa. Kama ofisi imekaa kimya au imewazungusha, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki katika Utawala, ofisi yake iko West End Towers, Waiyaki Way, hapo Westlands, mwendo mfupi kwa matatu kutoka Kangemi. Tume hiyo hupokea malalamiko ya wananchi juu ya ofisi za umma.

Mwisho ni Mahakama Kuu. Sheria ya mwaka 2011 yamruhusu mtu aliyeumizwa na uamuzi kuiomba mahakama iuangalie. Lakini mahakama huuliza kwanza kama mmemaliza njia za ofisini, ndiyo maana nasema tunzeni nakala na mihuri. Kwa wasio na fedha za wakili, kuna Kituo Cha Sheria, Ole Odume Road, kilichoanza mwaka 1973 kuwasaidia maskini katika mambo ya sheria. Msiende kule mikono mitupu. Nendeni na faili.

MASWALI YALIYOULIZWA

Dada mmoja aliuliza: "Mume wangu ni wa Uganda, aliingia kwa kitambulisho tu. Je, aweza kuanza kazi?" Jibu: Kitambulisho kimemwingiza. Hakikumpa kibali cha kazi. Aombe kibali kwanza, na wewe umwombee pasi akae kwa halali.

Ndugu mwingine aliuliza: "Tuna watoto wawili. Hao si ushahidi wa kutosha?" Jibu: Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyasaidia kuonyesha kwamba nyumba ni ya kweli, na mtoto ambaye baba au mama yake ni raia wa Kenya ni raia kwa kuzaliwa. Vitieni katika maombi. Lakini havishiki mahali pa cheti cha ndoa.

Mzee mmoja aliuliza: "Tajiri akisema hataandika barua, na nikisumbua atanifukuza?" Jibu: Ndiyo maana usiende peke yako. Barua ya kudai mkataba itaandikwa na chama, kwa ajili ya wafanya kazi wote wa mahali pale, isiwe jina lako tu. Tajiri aweza kumtisha mmoja. Kuwatisha 30 ni kazi nyingine.

Ndugu na dada, nimekwisha. Kila mwenye barua ya kukataliwa ailete kwa katibu wa tawi lake juma hili, pamoja na pasi ya mwenzi wake tutazame tarehe. Wenye ndoa za kimila wasiongoje kukataliwa ndipo waende Sheria House. Na wote wasio na karatasi ya mshahara waandikishe majina yao leo kabla ya kutoka humu ndani, kwa maana kazi hiyo tutaianza kesho.

Umoja ni nguvu.